Mkuki na Kiwiko: Kuulinda Mkono wa Mrushaji

Kuresoi, kama kwingineko katika Bonde la Ufa, sifa huwaendea wakimbiaji. Hata hivyo, Julius Yego wa Nandi alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa kurusha mkuki mita 92.72, alidhihirisha kuwa mkono nao huleta nishani.

Mkuki wa wanaume una gramu 800 tu. Kinachoumiza si uzito bali kasi. Mkono uliorudishwa nyuma ukivutwa mbele ghafla, kano za upande wa ndani wa kiwiko hunyoshwa mno. Kano hizo ndizo zilizomkatikia Tommy John, mrushaji wa besiboli wa Marekani, akafanyiwa upasuaji mwaka 1974.

Kinga ipo. Kwanza, mwili upashwe moto, hasa katika baridi ya asubuhi ya Kuresoi. Pili, nguvu zianzie miguuni na kiunoni, mkono umalizie. Tatu, idadi ya mirusho ihesabiwe, na siku za mapumziko ziheshimiwe. Nne, watoto watumie mkuki mwepesi.

Mwanafunzi akihisi maumivu kiwikoni, mwalimu asimwambie avumilie. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.