Marafiki wa Mbuga na Majirani Zake

Neno ‘kujitolea’ litajwapo, aghalabu fikra za wengi humwendea mtu aokotaye taka kando ya mto siku ya Jumamosi. Mintarafu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, kazi hiyo ni pana zaidi. Mbuga ina kilomita mraba 117 tu, nayo haina ua upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi. Hapo ndipo nyumbu na punda milia huvukia kwenda nyanda za Kitengela wakati wa mvua, na simba huwafuata. Ardhi ya huko ni ya watu binafsi, wengi wao wafugaji wa Kimaasai. Shamba likiuzwa au likizungushiwa seng’enge, njia imezibwa.

Kwa sababu hiyo, chama cha hiari cha Marafiki wa Mbuga ya Nairobi hakikuishia kwenye usafi. Kiliunga mkono mpango ulioanza mwaka wa 2000, ambapo mwenye ardhi alilipwa dola nne za Marekani kwa ekari kila mwaka ili asijenge ua wala asiuze. Malipo yalipangwa yaafikiane na majira ya karo, na hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la busara kuliko kiasi chenyewe.

Hata hivyo, mnunuzi wa kiwanja hutoa zaidi ya dola nne. Tena simba hawajui mkataba: mwezi Juni 2012, sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Je, ni nani hasa ajitoleaye hapa, mwanachama atokaye mjini au mfugaji alalaye macho zizini?