Viuatilifu vya Bustanini na Uhai wa Nyuki

Mkazi anayenyunyizia maboga yake dawa saa mbili asubuhi hukusudia kumwangamiza mdudu mharibifu, lakini mara nyingi humwangamiza pia nyuki aletaye mavuno.

Mboga una maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, na chavua yake ni nzito, yenye kunata, isiyopeperushwa na upepo. Pasipo nyuki na wadudu wenzake, ua la kike hunyauka na kuanguka bila kuzaa. Maua hayo huchanua alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Hizo ndizo saa ambazo nyuki huyazuru. Matango na matikiti nayo huhitaji uchavushaji kama huo.

Madhara hayaishii bustanini. Nyuki huweza kutafuta chakula umbali wa kilomita 3 au zaidi, hivyo mzinga wa jirani umo hatarini. Dawa ya unga hushika kwenye vinyweleo vya nyuki mithili ya chavua, ikabebwa hadi mzingani na kuwafikia majana. Viuatilifu vingi hushambulia mishipa ya fahamu. Hata kiasi kisichoua huweza kumfanya nyuki apotee njia ya kurudi. Kundi likipungukiwa na watafutaji chakula, asali hupungua na mzinga hudhoofika.

Zipo pia dawa zinazofyonzwa na mmea, kama imidaklopridi, ambazo huingia hata katika chavua na mbochi. Kuzinyunyizia jioni hakuondoi hatari hiyo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani kwa ajili ya kuwalinda nyuki.

Kwa hiyo wakazi wanashauriwa:

1. Kukagua mimea kwanza, na kuokota wadudu kwa mkono wanapokuwa wachache.
2. Kutonyunyizia dawa maua yaliyochanua.
3. Kunyunyizia jioni, nyuki wakisharejea mzingani na upepo ukiwa umetulia.
4. Kununua viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kufuata maelekezo ya kibandiko.
5. Kumwarifu mapema jirani mwenye mizinga.

Kabla ya kununua dawa, mkazi amwone Afisa Ugani wa kata yake akiwa na jani au mdudu anayemtilia shaka, ili tatizo litambuliwe kwanza. Huenda dawa isihitajike kabisa.