Bili ya karatasi: kwa nini inalipishwa, na kwa nini utaihitaji

MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA TARATIBU.

Popote ulipo hapa Nakivale, Base Camp, Juru au Rubondo, karibu. Na wewe unayetusoma kwenye ubao kwa sababu betri ya redio imekwisha, karibu pia.

Leo naanza na swali la mama mmoja wa Rubondo. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, mtoto mgongoni. Kaka yake alipata safari ya Canada mwaka jana. Mama akaniambia: "Kila nikimwomba pesa ya shule, anasema ngoja, kampuni ya kutuma pesa inataka karatasi ya anwani, na karatasi yenyewe inauzwa. Mwanangu, kuna nchi ambayo mtu analala ndani ya nyumba na bado hawezi kuonyesha anapokaa? Huyu si ananidanganya?"

Mama, moyo wa kaka yako siwezi kuusemea. Lakini jambo analolitaja lipo, na kila mtu mwenye kesi ya nchi ya tatu afadhali alijue kabla hajapanda ndege.

Tuanze na hapa kwetu. Ukitaka kuthibitisha unapokaa, unakwenda kwa mwenyekiti wa RWC. Anakujua. Anajua nyumba yako iko nyuma ya bomba la maji, anajua uligombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Anaandika, anapiga muhuri, umemaliza. Waganda wenyewe wanakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, na utaratibu ni ule ule: mtu anamshuhudia mtu.

Huko Canada hakuna mwenyekiti wa kumwendea. Jirani wa mlango wa pili anaweza kukaa miaka bila kujua jina lako. Kwa hiyo ofisi zinatafuta shahidi mwingine, na shahidi huyo ni karatasi: bili ya umeme, bili ya simu, barua ya benki. Wanafikiri hivi: kama kampuni inayokudai pesa imekuandikia kwenye nyumba hiyo, na barua ikafika, basi unakaa hapo. Karatasi iwe na jina lako, anwani yako kamili na tarehe ya karibuni.

Chukua jimbo la Ontario. Ukiomba kadi ya matibabu, unaonyesha pia kwamba unaishi ndani ya jimbo. Katika orodha ya karatasi wanazokubali kuna mkataba wa kupanga nyumba, hati ya mshahara, bili ya umeme, gesi, maji au simu ya nyumbani, na taarifa ya benki ya kila mwezi iliyokuja kwa posta. Shika neno hilo, kwa posta. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kampuni zimechoka na posta. Karatasi, bahasha na stempu vyote vina bei. Januari 2025 stempu ya barua ya kawaida Canada ilipanda kutoka senti 99 hadi dola 1.24, ukiinunua ndani ya kijitabu. Kampuni yenye wateja milioni inapata bei yake ya jumla, lakini bado ni pesa nyingi. Kwa hiyo inakuambia: ingia kwenye intaneti, bili yako iko humo. Ukitaka karatasi, lipa. Dola 2 kwa mwezi zinaonekana ndogo. Kwa mwaka ni dola 24, ambazo hapa ni zaidi ya shilingi 60,000 za Uganda. Nani kati yetu anaziita ndogo?

Wateja wa Canada walilalamika sana, na Desemba 2014 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo kampuni ya simu, ya intaneti au ya televisheni ya kulipia hairuhusiwi kumtoza mteja kwa kumpa bili ya karatasi. Lakini kumkataza mtu asiuze kitu si sawa na kumwamuru akitoe. Baadhi ya kampuni ziliacha tu kuchapisha. Mwaka 2022 CRTC, ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano, ikaamua kwamba wako watu ambao wakiomba karatasi lazima wapewe, na bila malipo: mwenye ulemavu, asiye na intaneti ya nyumbani wala ya simu, na aliyefikisha miaka 65. Kama unaondoka na bibi yako, kumbuka hiyo.

Sheria ile ya 2014 haikugusa benki, wala kampuni za umeme, gesi na maji. Benki nyingi bado zinalipisha taarifa ya karatasi. Na jimbo la New York huko Marekani lina sheria inayokataza biashara kumtoza mtu kwa sababu ametaka bili ya karatasi, lakini inaruhusu kumpunguzia bei yule anayekubali kuisoma kwenye intaneti. Mimi naona ni pesa ile ile imeingia kwa mlango wa nyuma. Asiye na kompyuta ndiye anayelipa bei ya juu.

MUZIKI MFUPI.

Sasa nikueleze yaliyompata binamu yangu, maana kwake ndiko nilikojifunza haya yote. Alifika Ontario na mume wake na watoto watatu. Nyumba waliyopewa umeme na maji vilikuwa ndani ya kodi, kwa hiyo bili ya umeme haikuwepo kabisa. Mkataba wa nyumba uliandikwa jina la mume peke yake. Intaneti pia, jina la mume. Yeye alinunua laini ya kulipia kabla, na laini ya namna hiyo haina bili, kama yetu ya hapa. Benki alifungua akaunti yake mwenyewe, akafurahi. Kijana wa benki alimgeuzia kioo cha kompyuta, akamwuliza kitu kwa haraka, binamu akajibu "yes" kama tunavyojibu wote tukiwa hatujaelewa. Alikuwa amekubali taarifa zake zisije kwa karatasi.

Mwezi wa pili akampeleka mtoto kuandikishwa shule. Mume yuko kazini, zamu ya usiku na mchana. Shule ikamwomba karatasi mbili zenye jina la mzazi na anwani. Hana hata moja. Akaonyesha taarifa ya benki kwenye simu, wakakataa picha ya simu. Akarudi benki kuomba ichapishwe, akalipishwa dola 5. Karatasi ya pili hakuipata. Mtoto akakaa nyumbani siku sita mpaka mume alipopata ruhusa ya kwenda mwenyewe. Aliniambia kwa simu: "Miaka kumi na moja nimeishi kambini nikiwa na jina langu kwenye atestesheni. Nimefika huku, kwa karatasi mimi sipo."

Wamama, neno hilo nawaomba mlichukue. Kwenye mkataba wa nyumba liandikwe jina la mume na la mke, yote mawili. Si suala la kutomwamini mume. Yeye akiwa kazini, wewe ndiye unayesimama mbele ya dirisha la ofisi. Na kijana wa miaka 18 na kuendelea apate angalau karatasi moja inayokuja kwa jina lake.

Herufi nazo ni jambo kubwa. Wengi wetu majina yaliandikwa vibaya siku ya kusajiliwa, tukazoea. Bili ikiwa na herufi moja tofauti na kitambulisho, wanaweza kuirudisha. Kabla ya kufungua akaunti yoyote, mwonyeshe karani kitambulisho, aandike kama kilivyo, usimtajie kwa mdomo.

Na usikimbilie kulipa. Uliza kwanza ofisi inayodai: mnakubali bili niliyoitoa kwenye intaneti nikaichapisha mwenyewe? Nyingi siku hizi zinakubali faili kamili ya kampuni ikichapishwa, hata kama zinakataa picha ya simu. Maktaba za mtaa zina mashine za kuchapisha kwa senti chache. Kama wanataka lazima ile ya posta, anza na kampuni ya simu au intaneti, maana hiyo sheria inaikataza kukulipisha. Benki iwe ya mwisho.

Tumrudie mama wa Rubondo. Sheria ya Canada inazitaka kampuni za kutuma pesa zithibitishe mtumaji ni nani anapotuma dola 1,000 au zaidi nje ya nchi. Kampuni nyingine zinaanza kuuliza mapema zaidi, kwa kanuni zao, na karatasi ya anwani ni mojawapo ya vitu wanavyoomba. Kwa hiyo, mama, usimwulize kaka yako kama anadanganya. Mwulize anakaa kwa mkataba wa nani. Kama amepanga chumba kwa rafiki bila jina lake kuandikwa popote, basi ndiyo maana amekwama, na mwenye nyumba akimwongeza kwenye mkataba anaweza kufunguka. Mwulize pia kama benki yake inamtumia karatasi au alisema "yes" kama binamu yangu.

Ukipata jibu, njoo utuambie. Sanduku la maswali liko mlangoni, na asiyejua kuandika aingie tu, tutamwandikia.

MUZIKI WA KUFUNGA.