Je, Wajua? Mbwa wa Miaka 7 Ameshaanza Kuzeeka

Mbwa mkubwa anayekulindia nyumba huko Mwakirunge, Pwani ya Kenya, akitimiza miaka 7 huhesabiwa anaingia uzeeni. Paka hufuata akikaribia 10.

Paka ni bingwa wa kuficha maradhi. Figo zake zaweza kupoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake kabla hujashuku lolote. Dalili za kwanza ni ndogo: bakuli la maji linakauka upesi, mkojo unazidi, pingili za uti wa mgongo zinaanza kuhesabika kwa vidole. Kipimo cha damu na mkojo kwa daktari wa mifugo hugundua mapema zaidi.

Pwani tuna la ziada. Mwaka 1958 wanasayansi walieleza mnyoo waliomkuta kwa paka na mbwa wa kisiwa cha Pate, Lamu, wakampa jina la kisiwa; leo huitwa Brugia patei. Huenezwa na mbu, na watoto wake huonekana kwenye tone la damu chini ya hadubini.

Mbwa anayeshinda jaani hurudi na kupe, na kupe huleta homa inayomtoa damu puani. Mfunue mdomo: fizi nyeupe si za kungojea wiki ijayo.

Paka akiumwa viungo, usimpe paracetamol. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina kustaafu, hata kwa mbwa wazee: Kenya, kwa mkakati wa 2014, imelenga kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu kufikia 2030.