Kichocho Hakingoji Kikombe

Kila asubuhi katika mialo ya Ziwa Victoria kandokando ya Mwanza, akina mama hufua, watoto huoga na wavuvi hushusha dagaa, wote miguu ikiwa majini. Hapo ndipo kichocho cha matumbo kinapowapata. Wala hakingoji mtu ayanywe maji hayo.

Asili yake yafahamika. Mayai ya minyoo hutoka katika choo kikubwa cha mgonjwa, yakaanguliwa majini, na vijidudu vyake vikaingia katika konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka humo minyoo wachanga wasioonekana kwa macho, ambao huitoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache tu.

Wataalamu wametafuta njia ya kuwaua kwa mwanga. Mwanga wenyewe ni mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana, nayo huharibu viini vya uhai ndani ya kijidudu. Si jambo geni: mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kusafishia maji ya kunywa kwa mionzi hiyo mwaka 1910. Watafiti wa Imperial College London walieleza kwamba mionzi hiyo huwaua minyoo wa kichocho pia, ila kwa kipimo kikubwa kupita kile kitoshacho kuua bakteria wengi. Tena maji ya tope huuzuia mwanga, na taa haiwaki pasipo umeme.

Basi tusijidanganye. Taa ikisafisha maji ya kunywa peke yake, huku ya kuogea yakitoka ziwani moja kwa moja, kichocho kitabaki nyumbani. Kwa asiye na taa, iko njia isiyo na gharama. Minyoo hao hawaishi zaidi ya siku mbili hivi wakikosa mwili wa kuingia. Maji yaliyotekwa pasipo konokono, yakafunikwa siku mbili kamili bila kuongezwa mengine, yafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa yachemshwe.

Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo walio mwilini, lakini haimkingi mtu arudipo majini kesho. Kwa hiyo kila mwalo wahitaji vyoo, bomba, na mahali pa kufulia mbali na ufuko.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakazi wa ziwani wameyavulia nguo tangu zamani. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba wanayoyaoga hayawadhuru.