KOKOTO NDOGO, HASARA KUBWA: KUTUNZA RANGI YA GARI KATI YA NAKIVALE NA MBARARA

Magari mengi yasafiriyo kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, yana alama inayofanana. Mtu akitazama ukingo wa mbele wa boneti, juu ya taa, huona vidoa vidogo vingi, kila kimoja mfano wa punje ya ulezi, ambamo rangi imebanduka. Hayo ni majeraha ya kokoto. Wako wenye magari wasioyajali, wakidhani kuwa ni upungufu wa sura tu. Wako na wengine ambao hukereka mno, wakalipeleka gari gereji likwanguliwe na kupakwa rangi upya. Wote wawili hujitia hasarani: wa kwanza kwa kungoja, na wa pili kwa kuitupa mali ambayo hataweza kuinunua tena.

Nakivale imo katika wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo pia watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Barabara kuu itokayo Mbarara kuelekea Kikagati, mpakani na Tanzania, ni ya lami. Lakini njia nyingi za makazini ni za moramu, yaani udongo mwekundu uliochanganyika na vijiwe vigumu. Juu yake hupita malori ya chakula cha msaada, mabasi madogo, bodaboda, magari ya serikali na teksi za kukodi. Wakati wa kiangazi vijiwe hulegea na kurushwa na magurudumu. Mvua zinyeshapo, tope hunata chini ya gari na kushika maji.

Kwa mwanajeshi au polisi aliyechukua mkopo katika chama cha akiba, kama vile Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, gari ni mshahara wa miaka kadhaa ulioegeshwa uani. Gari hilo hupeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, hubeba mazao na, likikodishwa, huleta ada ya shule. Siku ya kuuzwa, mnunuzi huitazama bodi kabla ya kuisikiliza injini. Kwa hiyo suala la rangi si suala la madaha. Ni suala la akiba ya nyumba.

GANDA JEMBAMBA KULIKO LINAVYODHANIWA

Rangi ya kiwandani si kitu kimoja, bali ni tabaka kadhaa. Kwanza bodi ya chuma husafishwa na kupewa dawa ya fosfati ili rangi ipate pa kushika. Kisha bodi nzima huzamishwa katika birika kubwa la rangi na kupitishiwa umeme, ambao huivuta rangi hiyo hadi ndani ya pembe ambazo brashi haiwezi kufika. Tabaka hili la umeme ndilo ngao ya kweli dhidi ya kutu. Huokwa katika tanuri kwa joto linalozidi kwa kawaida nyuzi 150 za Selsiasi. Juu yake huja praima, kisha rangi inayoonekana, na mwisho rangi angavu isiyo na weusi wala weupe, ambayo huleta mng'ao na kuzuia jua.

Tabaka zote hizo zikijumlishwa, unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni unene wa karatasi moja ya kuandikia. Bamba la chuma lililo chini yake nalo mara nyingi halifiki milimita moja. Basi gari linaloonekana imara kama ngome limevaa nguo nyepesi, na nguo hiyo ikitoboka, mwili uliomo ndani si mnene.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wengi hawaifahamu. Gereji haiwezi kulirudisha tabaka la umeme. Gari lililokwisha kuunganishwa nyaya, plastiki na mipira haliwezi kuzamishwa birikani wala kuokwa kwa joto la kiwandani. Fundi hodari wa Mbarara, Kampala au Nairobi aweza kupaka rangi nzuri sana kwa dawa ya kukaushia, lakini akikwangua hadi kwenye chuma, atakuwa ameiondoa ngao ambayo yeye hana uwezo wa kuitengeneza.

JE, MAGARI YA SASA YANA RANGI DHAIFU?

Wazee waliotumikia jeshi na polisi husema kwamba magari ya zamani yalistahimili zaidi. Maneno hayo yana ukweli, ila yahitaji kupambanuliwa. Mathalani, Land Rover tangu mwaka 1948 ilijengwa kwa mabamba ya aluminiamu, ambayo hayashiki kutu nyekundu. Jeraha la kokoto juu ya mlango wake lilikuwa kovu tu. Jeraha hilo hilo juu ya bamba la chuma ni mwanzo wa maradhi.

Ni kweli pia kwamba viwanda vingi vimeacha rangi za kuyeyushwa kwa mafuta makali na kutumia za maji, ili kupunguza mvuke unaodhuru hewa na wafanyakazi. Vingine vimepunguza tabaka au safari za tanurini ili kuokoa gharama na nishati. Kazi hiyo ikifanywa vema, rangi hudumu. Ikikosewa, hubanduka hata bila kokoto. Mwaka 2019 kampuni ya Toyota nchini Marekani iliongeza muda wa kugharimia matengenezo ya baadhi ya magari yake meupe, kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa ukilegeza mshiko wa rangi juu ya chuma. Mtu akiona rangi nyeupe inabanduka kwa vipande vipana juu ya paa, mahali ambapo kokoto hazifiki, ajue kwamba huo ni ugonjwa wa kiwandani wala si wa barabarani.

Kwa familia nyingi za Uganda, gari jipya ni lile lililokwisha kutumika Japani. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini hata gari la miaka saba au minane hufika likiwa limekwisha kuonja jua na chumvi ya nchi nyingine. Aidha, dhamana za viwanda kwa kawaida hazihesabu majeraha ya kokoto. Mlinzi wa rangi hiyo ni mwenye gari mwenyewe.

MWENDO NA NAFASI

Kinga ya kwanza haiuzwi dukani. Nguvu ya pigo la kokoto hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: gari likienda kilomita 80 kwa saa, kokoto iliyo hewani hulipiga kwa nguvu mara nne kuliko likienda kilomita 40. Lori linapokuja mbele, mwendo wa kokoto inayorushwa nalo hujumlishwa na mwendo wa gari lenyewe. Yafaa dereva apunguze mwendo na kujisogeza kushoto mpaka lori lipite.

Kosa kubwa zaidi ni kulifuata gari jingine kwa karibu juu ya moramu. Anayefuata ndani ya vumbi hupokea kila kijiwe kinachorushwa na magurudumu ya mbele yake, na zaidi ya hayo haioni njia. Atoe nafasi mpaka vumbi litue. Tahadhari hiyo hiyo yahitajika kwenye lami iliyomwagiwa kokoto mpya. Madigadi ya mpira nyuma ya magurudumu nayo husaidia: huzikinga kingo za chini za milango ya gari lenyewe, na huwastiri walio nyuma.

JERAHA LIPI NI LA HATARI?

Si kila kidoa kinahitaji haraka ile ile. Bampa za magari ya sasa kwa kawaida ni za plastiki. Hazishiki kutu, basi zaweza kungoja. Kwenye bamba la chuma, kidoa kikionyesha rangi ya kijivu au nyeusi chini, huenda ngao ya umeme ingalipo, na mwenye gari anayo nafasi. Lakini kikionyesha chuma king'aacho au duara la hudhurungi, dawa itiwe wiki hiyo hiyo.

Sababu ni hii: chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Huvimba, huinua rangi iliyo nzima kando yake, maji yakaingia mbali zaidi. Mahali pa kukaguliwa kwanza ni ukingo wa boneti, ukingo wa paa juu ya kioo cha mbele, matao ya magurudumu na kingo za chini za milango. Hizo za chini ndizo hatari zaidi, kwa kuwa hazionekani, na ni sehemu ya mifupa inayowakinga abiria gari linapogongwa.

DAWA YA JERAHA DOGO

Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani asubuhi moja, kivulini. Kwanza mwenye gari atafute namba ya rangi. Katika magari mengi ya Toyota huandikwa kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Kwa namba hiyo muuza rangi aweza kuchanganya kiasi kidogo kinachofanana.

Sehemu hiyo ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikauke kabisa. Kutu iondolewe kwa ncha ya msasa mwembamba uliokunjwa, bila kugusa rangi nzima iliyo pembeni. Tone la praima litiwe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, likauke. Kisha rangi yenyewe, mara mbili au tatu, kila mara tone jembamba, kwa kuwa tone nene hukauka juu likabaki bichi ndani. Mwisho hutiwa rangi angavu. Kiraka hicho kitaonekana kwa atakayeinama kukitafuta. Hilo si kosa, maana kazi yake ni kuzuia maji, si kumdanganya mtu.

USAFI USIOKWANGUA

Vumbi la moramu ni msasa. Watoto wanaolifuta gari kavu kwa kitambaa ili kumfurahisha baba hukwangua mng'ao wake kila siku. Gari limwagiwe maji kwanza, lioshwe kutoka paa kwenda chini, na kitambaa kisuuzwe mara kwa mara. Tope la ndani ya matao ya magurudumu litolewe. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti visiachwe kukauka juani. Nta ya gari ikipakwa kila baada ya miezi michache huisaidia rangi angavu kukabili jua kali la nchi hii iliyo karibu na mstari wa Ikweta. Wala gari lisioshewe ukingoni mwa Ziwa Nakivale, maana maji ya ziwa hilo ndiyo hunywewa makazini.

IKIBIDI KWENDA GEREJI

Gereji ni kwa bamba lililogongwa, au ambalo kutu imekwisha kulila. Hapo mwenye gari amwombe fundi apake sehemu iliyoharibika tu, na aione kabla haijafunikwa kwa puti. Rangi za kupuliza zinazochanganywa na dawa ya kukaushia hutoa mvuke unaoweza kuleta pumu. Zisipulizwe uani penye watoto, na fundi avae kinga ifaayo ya pumzi. Anayenunua gari naye achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe juu ya milango: isiposhika juu ya bamba la chuma, huenda pana puti nene chini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Askari huifahamu methali hiyo kwa bunduki yake: haingoji ioze ndipo aipake mafuta, wala haitupi kwa sababu ya mchubuko. Nusu saa ya ukaguzi kila mwisho wa wiki, pamoja na kichupa kidogo cha rangi kabatini, vyatosha kulipa gari la familia uhai mrefu katika njia za moramu.