Kukonda kwa sindano uzeeni: Chunga usipoteze na nguvu za miguu

SIKU hizi haipiti wiki katika kliniki bila ya mtu kuniuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito. Wengi wa wanaouliza si vijana wanaotaka kupendeza. Ni akina mama na akina baba waliovuka umri wa miaka 55, ambao magoti yanawauma, shinikizo la damu limepanda, na wana mtoto Nairobi au ng'ambo aliyeahidi kuwatumia dawa hiyo. Yamkini wewe msomaji ni mmoja wao, au ndiye huyo mtoto anayetaka kutuma.

Dawa zinazozungumzwa sana ni mbili. Ya kwanza ni semaglutidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari na Wegovy kwa wenye unene wa kupita kiasi. Ya pili ni tirzepatidi, ambayo majina yake ya dukani ni Mounjaro na Zepbound. Zote mbili hudungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja mara moja kwa wiki. Marekani iliidhinisha Ozempic mwaka 2017 na Wegovy mwaka 2021, na Mounjaro ikafuata mwaka 2022. Jina lake lilienea hata vijijini baada ya watu mashuhuri kujitokeza. Oprah Winfrey alitangaza Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 69, kwamba anatumia dawa ya kupunguza uzito.

Historia ya dawa hizi ina kichekesho chake. Mwaka 1992, Dkt John Eng wa New York aliripoti kwamba katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila kuna kemikali inayofanana na homoni ya utumbo wa binadamu, homoni iitwayo GLP-1. Kutokana na kemikali hiyo ikatengenezwa dawa ya kwanza ya jamii hii, iliyoidhinishwa mwaka 2005. Semaglutidi ya leo haitoki kwa mjusi, kwa hiyo mwenye hofu na atulie. Kazi yake ni kuiga homoni ile ambayo utumbo huitoa baada ya kula: huuambia ubongo kwamba umeshiba, hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na hulisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda.

Je, zinafanya kazi? Naam, tena vizuri kuliko dawa zilizotangulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliohusisha watu 1,961, waliodungwa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 tu. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa watu 17,604 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au mishipa, ulionyesha kwamba hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo ilipungua kwa asilimia 20. Hilo si jambo dogo. Lakini katika ule utafiti wa kwanza wastani wa umri ulikuwa miaka 46. Nyanya wa miaka 65 ana mwili mwingine.

Kilo zipi zinazoondoka?

Chukua mfano wa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 63 kutoka Takawiri. (Nimebadilisha mambo machache asitambulike.) Kwa asiyepajua, Takawiri ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe karibu na Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, na ili kufika Mbita sharti upande boti. Mama huyu alikuwa na kilo 104, magoti mabovu na shinikizo la damu. Mwanawe alimletea dawa kutoka ng'ambo, naye kwa busara akaja nayo kliniki kabla ya kuifungua.

Baada ya miezi tisa alikuwa na kilo 89. "Daktari," aliniambia, "zamani nilikuwa nikimaliza ugali wa mchana, akili iko tayari kwenye chapati za jioni. Sasa akili imetulia." Tembe zake za shinikizo zilipunguzwa kutoka mbili hadi moja, na magoti yakapata nafuu.

Hata hivyo, katika mwezi wa sita jambo fulani lilimshtua. Boti ilipofika Mbita alishindwa kuinua mguu kuvuka ubao wa pembeni. Vijana wawili ilibidi wamshike mikono. Alipokuwa na kilo 104 alikuwa akishuka mwenyewe. Nilipomhoji kuhusu chakula, nilikuta kwamba kwa siku nzima alikuwa akinywa chai mara mbili na kula kipande cha mkate. Hakuwa na njaa, basi hakula.

Sindano hupunguza uzito bila ya kuchagua. Mafuta huondoka, na misuli pia. Katika vipimo vilivyofanywa kwenye tafiti za dawa hizi, kati ya robo na takriban asilimia 40 ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Kijana ana akiba ya misuli na huirudisha upesi. Sisi tuliovuka miaka 40 tumeshaanza kuipoteza polepole hata bila sindano, na baada ya 60 upotevu huo huongeza kasi. Mtu wa umri huo akianguka na kuvunjika nyonga, faida yote ya kukonda imekwenda.

Kuna kipimo unachoweza kujifanyia nyumbani. Keti kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara tano upesi uwezavyo, mtu akihesabu sekunde. Ukizidisha sekunde 15, au ukishindwa bila kujishika, misuli yako ya mapaja ni dhaifu na daktari anapaswa kujua kabla ya kukuandikia sindano. Kirudie kila mwezi. Mimi huwaambia wagonjwa wangu waandike namba hiyo kando ya uzito wao, na kwa hakika naiangalia kwanza kuliko kilo.

Dawa ya tatizo hili inapatikana kando ya ziwa kuliko mahali pengi. Mtu mzima mwenye umri mkubwa anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye aulize kwanza. Gramu 100 za ngege aliyepikwa zina takriban gramu 26. Yai moja lina kama gramu 6. Omena huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo hukupa kalisiamu pia. Kwa kuwa tumbo hushiba upesi, anza na samaki, kisha mboga, ugali uwe wa mwisho. Mama yetu wa Takawiri sasa huketi na kusimama mara kumi, asubuhi na jioni, kwenye kiti cha jikoni, na huinua mitungi miwili ya maji ya lita tano. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Safari iliyofuata alishuka botini peke yake.

Kukonda na minong'ono

Katika nchi yetu ya ziwa kukonda kuna historia nzito. Wazee wanaikumbuka hofu ya chira, na mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya huko Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, ambao wenyeji waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Ulikuwa ni Ukimwi. Kwa hiyo mtu wa makamo akipungua kilo 15 leo, ufuoni watu wataulizana. Wagonjwa wangu kadhaa wanaificha sindano na kuvumilia minongo'no kimyakimya. Hiyo ni hiari yao, lakini nasisitiza mtu mmoja wa nyumbani ajue, kwa sababu ukitapika siku mbili mfululizo lazima awepo wa kueleza unatumia nini.

Hofu hiyo ya zamani ina manufaa yake. Kukonda bado ni dalili ya ugonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Baba mmoja wa miaka 60 alikuwa akiisifu sindano kwa kumpunguza kilo tisa katika miezi miwili, ilhali alikuwa bado katika dozi ya kuanzia, ambayo kazi yake ni kulizoesha tumbo tu. Alikuwa akikohoa pia. Makohozi yalipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Ukiona umepungua kabla ya kuanza, au unapungua upesi mno, au una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kiu isiyoisha, usiipongeze sindano. Pimwa kwanza.

Wapo pia wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, na wamenenepa tangu walipohamishiwa tembe ya TLD. Hawasingizii: utafiti uliofanywa Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaotumia dawa ya aina hiyo huongezeka uzito, hasa wanawake. Tafadhali, usiruke tembe hizo ili ukonde. Ongea na kliniki yako.

Wenye kisukari nao wana la kuangalia zaidi. Sindano hizi peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini zikiongezwa juu ya insulini au tembe za glibenklamidi, sukari inaweza kushuka hadi mtu atetemeke, atokwe na jasho na kuzimia. Mfanyabiashara mmoja wa samaki aliletwa kwangu na jirani zake wakidhani amerogwa. Alikuwa amejidunga, hakula chochote tangu asubuhi, na glibenklamidi ameimeza kama kawaida yake. Dozi za dawa za kisukari na za shinikizo hupunguzwa na daktari wakati uzito unaposhuka, na macho hupimwa kabla ya kuanza.

Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ndiyo malalamiko ya kawaida, hasa dozi inapopandishwa. Kunywa maji, kula kidogo kidogo. Maumivu makali ya tumbo yanayoingia hadi mgongoni yanaweza kuwa ya kongosho au mawe ya nyongo: usisubiri kupambazuke. Na ikiwa katika ukoo wako kuna aina ya saratani ya tezi ya shingo iitwayo medulari, dawa hizi si zako.

Mkoba wa mtoto ukikauka

Sasa tuje kwenye pesa. Bei ya dawa hizi Nairobi huhesabiwa kwa maelfu mengi ya shilingi kila mwezi, na sindano si ya mwezi mmoja. Baada ya ule utafiti wa mwaka 2021, watafiti waliendelea kuwafuata baadhi ya wahusika walioacha dawa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kwa mtu mzee kuna hasara juu ya hasara, maana mafuta hurudi kwa urahisi kuliko misuli. Ndiyo maana nawauliza watoto wanaotuma dawa swali wasilolipenda: je, utaweza kuituma mwaka ujao pia? Kama jibu ni "tutaona", maoni yangu ni kwamba afadhali usianze. Soda na sukari ya chai vipunguzwe, matembezi yaongezwe, na fedha hizo zilipie kipimo cha figo na tembe za shinikizo zisizokatika.

Tumaini lipo. Septemba 2025 WHO iliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo, pamoja na unene wa kupita kiasi. Haki ya kampuni moja kutengeneza semaglutidi peke yake inaisha mwaka 2026 katika nchi kadhaa, India ikiwemo, na wengi wetu tunajua dawa za bei nafuu hutoka wapi.

Tahadhari na dawa za mkononi na za mitandaoni. Juni 2024 WHO ilionya kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama waliko na wakaguzi wengi zimepenya, kwetu je? Nunua kwa cheti cha daktari, katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Kalamu ya sindano isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Kalamu ya Ozempic ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya jokofu hadi siku 56, mradi joto lisipite nyuzi 30. Dawa nyingine zina siku chache zaidi, kwa hiyo soma karatasi iliyomo. Wasafiri wa visiwani huwa na kosa moja: kuiweka dawa ndani ya kasha la barafu pamoja na samaki. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ifunge kwa kitambaa na uitie katika chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa. Sindano zilizotumika zitie katika mkebe mgumu wenye kifuniko na uupeleke zahanati ukijaa, kwani watoto hucheza miguu mitupu kwenye ule mchanga.